Siku ya kukombolewa ilikuwa siku ya hofu

JE, msomaji mpendwa, umewahi kumwuliza nyanya yako wa Kilungu habari za ile njaa kuu? Ukishuka matatu pale Nunguni likizo ya Desemba, ukungu ukiwa bado umefunika milima, hebu jaribu. Mwulize jioni mnapochambua maharagwe jikoni. Huenda susu akakusimulia aliyosikia kwa wazee wake kuhusu Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea Ukambani kote mwaka 1898 na 1899. Huenda pia akanyamaza ghafla na kukuagiza uongeze kuni motoni.

Kimya hicho kina sababu. Njaa ilipozidi, ziko familia zilizowaweka wasichana na akina mama rehani kwa Wakikuyu ili wengine nyumbani wapate chakula. Baadhi walikombolewa wakarudi. Baadhi hawakuonekana tena. Kwa Kikamba mtumwa huitwa ngombo, na hakuna apendaye neno hilo litajwe karibu na jina la ukoo wake. Rehani na utumwa si kitu kimoja, lakini aliyengoja siku nyingi kukombolewa alikuwa na uchungu unaofanana na wa mtumwa.

Ni uchungu gani huo? Wachache walituachia maandishi. Mmoja wao ni Padre Petro Kilekwa, ambaye kitabu cha maisha yake kilichapishwa London mwaka 1937. Hakuwa Mkamba. Alikuwa Mbisa, mzaliwa wa nchi inayoitwa Zambia leo. Lakini mtu wa Kilungu akisikia kisa chake atatambua mambo mengi.

Kilekwa alitekwa na wavamizi akiwa mtoto. Mama yake hakukubali kukaa nyumbani kulia. Alifuata nyuma mpaka akamfikia mwanawe ili amkomboe. Wakaonana kwa macho, lakini bei iliyotakiwa ilimshinda. Hebu fikiri, wewe uliye mzazi: kumwona mtoto wako, kisha kugeuka na kurudi mikono mitupu. Na yule mtoto naye alibaki akijua kwamba mama alikuja, na kwamba kuja kwake hakukutosha.

Alisafirishwa hadi pwani, akapakiwa jahazini kuelekea nchi za Waarabu. Huko baharini manowari ya Waingereza iliyoitwa Osprey ililifukuza jahazi lile na kulikamata. Ungedhani watumwa walipiga vigelegele. La! Walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Kwa hiyo siku ambayo sisi tungeiita siku ya uhuru, kwa Kilekwa ilikuwa siku ya kutetemeka. Minyororo huweza kufunguliwa kwa saa moja, lakini uongo uliotiwa moyoni hauondoki upesi hivyo.

Uhuru wake ulikuja polepole. Alifanya kazi melini, kisha akafika Unguja na kusoma Kiungani, shule ya misheni. Baadaye alirudi bara, kando ya Ziwa Nyasa, akiwa mwalimu na hatimaye padre. Aliyekuwa ameuzwa kama mzigo sasa aliitwa baba na watu waliomheshimu. Naye alipozeeka hakuificha njia aliyopitia.

Kwetu Kenya yuko James Mbotela, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilitoka mwaka 1934, kwa Kiswahili. Mbotela mwenyewe hakuwa mtumwa. Alisimulia mambo ya wazazi waliookolewa na kupewa makao Freretown, Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari mwaka 1875. Ukipita leo mahali panapoitwa Kengeleni utaiona kengele yao. Wazee hueleza kwamba ilipigwa kuwaonya wakazi kila hatari ya wateka watumwa ilipokaribia.

Kumbuka kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Lakini sheria haikumaliza mambo yote. Watu wa Freretown waliitwa Wamisheni, na wako majirani waliowadharau kwa kuwa hawakuwa na ukoo wala ardhi ya mababu. Mtu anaweza kuwa huru na bado akaulizwa kila siku, "Kwenu ni wapi?" Mbotela alipoandika, aliwapa jibu watoto wa watu wale.

Wewe mwanafunzi, hapo ndipo kazi yako ilipo. Desemba ukipanda milima ya Kilungu, beba daftari. Uliza jina la mama wa nyanya yako, alizaliwa wapi, na nani hakurudi baada ya njaa. Susu akinyamaza usimlazimishe. Ongeza kuni, kaa naye, rudi kesho yake. Nanyi wazazi, msione haya. Aliyewekwa rehani hakutenda kosa lolote. Aliula uchungu ili wengine wale chakula, na pengine wewe unayesoma gazeti hili Jumapili ya leo ni mjukuu wa wale waliokula.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Andika jina lake.