Busaa na Ajon: Upishi wa Pombe Nyumbani Mpakani mwa Busia na Malaba

Pombe inayopikwa katika nyumba za Wasamia wa Sigalame, na za Wateso wanaoishi kuanzia Amukura hadi Malaba na kuvuka mpaka wa Kenya hadi Tororo nchini Uganda, haitegemei shayiri inayotumiwa na viwanda vikubwa, bali wimbi, mahindi na mtama vinavyolimwa papo hapo. Ujuzi wake umehifadhiwa hasa na wanawake, ambao wengi wao wamelipa karo za watoto kwa mapato yake, na kwa hiyo unastahili kuelezwa kwa heshima ileile inayopewa ufundi mwingine wowote.

Anayejifunza yafaa aanze na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kwa maana hapo ndipo kazi yote hufaulu au huharibika. Wimbi huoshwa, hulowekwa kwa muda wa siku moja, hutandazwa juu ya gunia au majani ya mgomba, hufunikwa na kunyunyiziwa maji hadi lichipue baada ya siku 2 au 3, ndipo huanikwa juani na kusagwa. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazouvunja wanga na kuugeuza sukari. Bila sukari hiyo hamira, ambayo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hukosa chakula cha kugeuza kuwa kileo. Mtama nao huoteshwa, lakini machipukizi yake yana sumu ya sayanidi, hivyo wimbi humfaa zaidi asiye na uzoefu.

Kwa busaa, unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo uwe donge gumu, kisha huachwa ndani ya chombo kilichofunikwa kwa siku kadhaa, ambamo bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa ya wale wanaogandisha maziwa, hulitia uchachu unaozuia vijidudu vingi vya maradhi. Donge hilo hukaangwa juu ya bati pana, likivunjwa na kugeuzwa bila kupumzika hadi chembe zote ziwe za kahawia. Moto huo huupika wanga ili vimeng'enya viuvunje kwa urahisi, na ndio unaoipa busaa rangi na harufu yake. Chembe zilizokauka vizuri huweza kuwekwa kwa majuma, na hii ni busara kubwa ya upishi huu, kwa kuwa mpishi huchota kiasi cha ndoo moja tu anapohitaji, akaacha nyingine ghalani.

Chembe zikichanganywa na maji na kimea, mchanganyiko huchemka wenyewe kwa siku 2 hadi 4, ukitoa povu la gesi, kisha huchujwa kwa kitambaa. Kileo chake kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 4, na kwa kuwa hamira na bakteria bado ni hai, busaa huzidi kuchachuka kila saa na haifai kulimbikizwa. Ajon ya Wateso, inayopikwa kwa wimbi, haichujwi: machicha, yaani mchanganyiko mzito wa nafaka iliyochachuka, hutiwa chunguni, yakamiminiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka chungu wakiwa na mirija mirefu yenye vichujio vidogo ncha za chini.

Hatari moja haivumiliki. Nafaka yenye ukungu huenda ikawa na sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na moto wa kukaanga hautoshi kuiondoa. Mahindi ya namna hiyo yatupwe, wala yasipelekwe kwenye pombe kwa kisingizio kwamba hayafai kwa ugali. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza kileo cha kuuza, na inakataza kumuuzia aliye chini ya umri wa miaka 18. Leseni hizo sasa hushughulikiwa na serikali za kaunti, na anayekusudia kuuza hata mtungi mmoja yampasa afike huko kabla ya kuloweka wimbi.