Hukumu ya Wanzuki

Baadhi ya Waislamu wa Ukonga wanauliza: asali ni halali na ni tiba, matunda nayo ni halali, vipi basi wanzuki iwe haramu?

Tunasema, na taufiki ni ya Allah: hukumu hapa haifuati asili ya kitu, bali sifa ya kulevya. Asali ikichanganywa na maji na kuachwa kwenye joto, hamira hula sukari yake na kutoa kileo. Ndivyo ilivyo wanzuki, na ndivyo ilivyo muratina ya Kenya, inayochachushwa kwa tunda la mwegea.

Suala hili si geni. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu bit'i, kinywaji cha asali cha huko. Akajibiwa kuwa kila chenye kulevya ni haramu. Imamu Abu Hanifa alitofautisha mvinyo wa zabibu na vileo vingine. Ama jamhuri, wakiwemo Mashafii, wameharamisha kichache na kingi.

Anayetaka asali na matunda, na aroweke asubuhi, anywe jioni. Mtume (s.a.w.) hakunywa nabidhi iliyopita siku tatu. Kwa joto la Dar es Salaam, kikianza kutoa povu hata kabla ya hapo, kimwagwe.

Wallahu a'lam.