Nani Aliyehesabu? Kuzisoma Chati za Muziki kwa Jicho la Mhakiki

Makala hii fupi imezaliwa na aibu. Muhula uliopita niliwasilisha semina kuhusu upokezi wa kazi za sanaa, nikadai kwamba wimbo wa kwanza wa The Beatles kushika namba moja Uingereza ni "From Me to You", mwaka 1963. Kitabu ninacho mkononi, sina wasiwasi. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Namba moja kwa hesabu ya nani?" Nikaduwaa.

Hebu tuanze mwanzo. Chati ya kwanza ya mauzo ya santuri Uingereza ilitolewa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Percy Dickins wa gazeti hilo alipiga simu kwenye maduka yapatayo 20, akauliza kinachonunuliwa ni kipi, akajumlisha majibu. Basi! Baadaye wengine nao wakaanzisha chati zao: Melody Maker mwaka 1956, Record Retailer mwaka 1960. Kila gazeti lilikuwa na maduka yake na hesabu yake, na BBC ikawa inatafuta wastani wa chati hizo. Chati moja ya taifa haikuwapo.

Ndipo yakatokea ya 1963. "Please Please Me" ya The Beatles ilifika namba moja kwenye New Musical Express na Melody Maker. Record Retailer likaishia kuipa nafasi ya pili. Mwaka 1977 wahariri wa kitabu cha Guinness cha nyimbo zilizovuma Uingereza walihitaji mfululizo mmoja tu. Wakaifuata New Musical Express mpaka Machi 1960, halafu Record Retailer. Uamuzi huo wa wahariri ukageuka historia. Hata albamu ya "1" ya mwaka 2000, yenye nyimbo 27 za The Beatles zilizoshika namba moja Uingereza au Marekani, "Please Please Me" haimo.

Kwetu wanafunzi wa fasihi hili lisingepaswa kuwa geni. Tukikuta utenzi wenye miswada mitatu inayopingana, hatusemi ule uliochapwa ndio sahihi. Tunauliza nani alinakili, wapi, na kwa ajili ya nani. Mbona mbele ya namba tunanywea?

Februari 1969 BBC na Record Retailer waliikabidhi kazi kampuni ya utafiti ya BMRB, ikakusanya taarifa za maduka 300. Afadhali, lakini wauzaji waliandika kwa mkono, na kampuni ya santuri iliyoyajua maduka hayo iliweza kutuma watu wakanunue santuri zake yenyewe.

Marekani nako, jarida la Billboard lilitegemea orodha za wenye maduka: kipi kimeuzwa zaidi, si nakala ngapi. Tarehe 25 Mei 1991 chati yake ya albamu ikaanza kutumia mashine za kaunta zinazosoma mistari myeusi ya kwenye jalada. Mwezi uliofuata kundi la rapu la N.W.A likashika namba moja. Septemba, albamu ya Garth Brooks, "Ropin' the Wind", ikaingia moja kwa moja namba moja, jambo ambalo hakuna albamu ya kantri iliyowahi kulifanya. Jamani, Wamarekani hawakuanza kupenda kantri na rapu wiki ile! Walikuwa wananunua siku zote, ila aliyeulizwa dukani hakuwa akiwaona vizuri.

Je, chati za zamani tuzitupe? Hapana. Wimbo uliokaa kumi bora wiki nyingi kwenye chati zote ulipendwa kweli. Tusichoweza kuapia ni tofauti ya namba moja na namba mbili, wala kulinganisha namba moja ya 1955 na ya 1995 kana kwamba mizani ni ileile.

Na tusiwacheke Waingereza. Sisi huandika kwamba riwaya fulani "inapendwa na wasomaji" kwa kuwa imechapwa mara nyingi, ilhali imo kwenye mtaala na mtahiniwa hana hiari. Hayo nayo ni mauzo, lakini mapenzi ni jambo jingine.

Karatasi yangu nimeiandika upya, na kila penye neno "namba moja" nimetaja chati. Mwenye hoja ya kunipinga, ukumbi ni huu.