MSIKITI WA JAMIA WA NAIROBI NA SABABU YA UMBO LAKE

Mtu atokaye Katelembo, au mahali pengine po pote karibu na Machakos, akienda Nairobi kwa shughuli zake, mara nyingi hupita penye Soko la Jiji katika barabara ya Muindi Mbingu. Akitazama ng'ambo ya barabara hiyo huziona kuba tatu zing'aazo kama fedha, pamoja na minara miwili mirefu. Huo ndio Msikiti wa Jamia. Wengi huupita kila wiki wala hawaulizi neno juu yake. Na hata baadhi ya Waislamu wasalio humo hawajui ni kwa nini msikiti huo hauna sura moja na misikiti ya kale ya Mombasa, Lamu au Malindi, ambako Uislamu ulifika mamia ya miaka kabla Nairobi haijakuwako. Jambo hilo lafaa kuelezwa, maana ndani ya jibu lake imo habari ya jinsi jiji lenyewe lilivyozaliwa, na ya watu waliolijenga.

Machakos ni mji mkubwa kwa umri kuliko Nairobi. Kituo chake kilianzishwa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki katika mwaka wa 1889, kikapewa jina la mzee Masaku, ambalo midomo ya wageni ililigeuza. Tena Wakamba walikuwa wamekwisha kujuana na Waislamu wa pwani zamani sana. Karne ya 19 walikuwa wafanya biashara mashuhuri wa pembe za ndovu, na misafara yao ilishuka mpaka Mombasa. Kivoi wa Kitui alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Misafara ya pwani nayo ikapanda Ukambani. Kama mambo yangaliendelea vivyo hivyo, pengine msikiti mkuu wa bara ungalijengwa Machakos, na mafundi wake wangalitoka Mombasa na Lamu.

Lakini reli haikupita Machakos. Kazi ya kuitandika ilianza Mombasa katika mwaka wa 1896, ikashika njia ya mbuga za Kapiti na Athi, na mwezi wa Mei 1899 ikafika mahali penye maji baridi na matope palipoitwa Nairobi. Mwaka uo huo Bwana John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa serikali katika Ukamba, aliihamisha ofisi yake kutoka Machakos kwenda kwenye kituo hicho kipya. Machakos ikaachwa kando, nayo kambi ya mahema na nyumba za mabati ikawa mji.

Waliofanya kazi nyingi ya reli hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, nao walipata 32,000. Wengi wao walitoka katika nchi ya Punjab, wakapakiwa merikebuni katika bandari ya Karachi. Watu kama 2,500 walikufa kazini, kwa maradhi na kwa ajali. Wengi wa waliosalia walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na wapatao 6,700 wakabaki katika Afrika ya Mashariki. Kati ya hao walikuwamo Masingasinga, Wahindu na Waislamu: waashi, maseremala, wahunzi, makarani na wenye maduka. Kila jamii ilitafuta mahali pa kusali.

Waislamu wa Punjab waliokuwa Nairobi walipata kiongozi katika Syed Maulana Abdullah Shah, ambaye habari za msikiti huanzia kwake mnamo mwaka wa 1902. Msikiti wa kwanza ulikuwa mdogo, kwa kadiri ya mji wenyewe. Mwaka huo wa 1902 ndio ambao tauni iliingia Nairobi, na serikali ikaamuru soko la Wahindi lichomwe moto. Katika siku kama hizo hakuna aliyekuwa na hakika kama mji ule utadumu hata miaka 10, na wako wakuu wa serikali walioshauri uhamishwe kabisa. Kutafuta kiwanja cha msikiti katika mji wa namna hiyo kulikuwa ni kusema, “Hatuondoki.”

Msikiti mkubwa uonekanao leo ulijengwa kati ya mwaka wa 1925 na mwaka wa 1933. Haikuwa miaka ya neema. Nzige walikula mashamba ya Kenya kuanzia mwaka wa 1928, na baada ya mwaka wa 1929 bei za mazao zikaanguka duniani kote. Hata hivyo kazi ilimalizika. Karibu yake, katika barabara ya Banda, ilikuwa imekwisha kufunguliwa Maktaba ya McMillan katika mwaka wa 1931, yenye nguzo kubwa kwa mfano wa majumba ya Wayunani wa kale. Basi majengo hayo mawili yakawa majirani, kila moja likitangaza asili ya waliolijenga: moja Ulaya, moja Bara Hindi.

Sasa na tulitazame umbo lake. Jina Jamia latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanya, na neno letu Ijumaa ni ndugu yake. Msikiti wa namna hii ndio ule ambao watu wa mji mzima hukutana kwa sala ya Ijumaa na kusikiliza hotuba. Pwani huitwa Msikiti wa Ijumaa. Haumpasi mtu kusali humo kila siku, maana msikiti mdogo wa mtaani watosha kwa sala tano, lakini siku ya Ijumaa watu huacha misikiti yao midogo wakaja pamoja. Kwa hiyo jengo la namna hii lataka ukumbi mpana. Lataka pia safu zionane: watu husimama bega kwa bega kwa mistari mirefu nyuma ya imamu, na kila nguzo isimamayo katikati hukata mstari.

Hapo ndipo tofauti na pwani inapoanza. Fundi wa Kiswahili wa zamani alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na paa lake la sakafu nzito alilitandika juu ya boriti za mikoko. Boriti ni mti mgumu na wenye kudumu, lakini ukizidi kiasi cha mita 3 hauwezi tena kuubeba uzito ule pasipo kupinda. Kwa hiyo ukumbi wa msikiti wa Kiswahili hupimwa kwa boriti: kila hatua chache lazima pawe na nguzo au ukuta. Uzuri wake hauko juu wala nje, bali uko ndani, katika mihirabu iliyochongwa kwa subira. Huko Kizimkazi, Unguja, uko msikiti wenye maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka wa 1107, na mtu akiuona kwa nje angedhani ni nyumba ya kawaida tu. Minara nayo ilikuwa michache sana pwani. Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambao husemwa ulijengwa mnamo mwaka wa 1570, una mnara mnene uliochongoka. Lakini misikiti mingi ya wakati ule haikuwa na mnara wo wote, na mwadhini aliadhini juu ya paa au mlangoni. (Kilwa ni mbali na kanuni hii, maana Msikiti wake Mkuu ulikuwa na kuba nyingi; lakini Kilwa ilikuwa na dhahabu ya Sofala ya kulipia.)

Watu wa Punjab walikuja na mfano mwingine machoni pao. Wafalme wa Kimughali waliotawala Bara Hindi walikuwa wajenzi wakubwa. Shah Jahan aliujenga Msikiti wa Jamia wa Delhi kati ya mwaka wa 1650 na 1656, wenye kuba tatu na minara miwili mirefu mbele. Na mwanawe Aurangzeb akajenga ule wa Badshahi katika mji wa Lahore, uliomalizika mwaka wa 1673, nao una kuba tatu za marumaru nyeupe. Lahore ndio mji mkuu wa Punjab. Mwashi wa Kiislamu aliyetoka upande ule aliposema “msikiti mkubwa”, picha iliyomjia ni hiyo: kuba tatu, ya katikati ikizizidi nyingine, na minara ya kuzilinda pande zote. Atakayelinganisha picha ya Delhi na msikiti wa Nairobi ataona ukoo mara moja, ijapokuwa wa Nairobi ni mdogo kwa mwenziwe.

Kuba si pambo tu. Ni ufundi wa kufunika mahali papana pasipo nguzo katikati. Jiwe la juu huegemea lililo chini yake, na uzito wote hushuka kwa mviringo mpaka kwenye kuta. Lakini huko chini uzito hutaka kuzisukuma kuta nje, na kwa hiyo kuta za kuba za mawe zilijengwa nene sana. Ilipokuja saruji iliyotiwa vyuma ndani, kazi hiyo ikawa rahisi, kwa sababu chuma huzuia msukumo ule. Zaidi ya hayo kuba hupandisha hewa ya moto juu, mbali na vichwa vya watu, na hurudisha sauti ya msomaji chini ukumbini. Faida hiyo ilikuwa kubwa kabla ya vipaza sauti.

Ndani ya msikiti wa Nairobi marumaru imetumika kwa wingi, na kutani yameandikwa maneno ya Kurani. Sanamu wala picha ya kiumbe hazimo, kwa kuwa dini hairuhusu. Ndiyo sababu Waislamu waliitia akili yao yote ya uchoraji katika herufi. Mbele iko mihirabu, yaani kile kidaka katika ukuta kionyeshacho upande wa kibla, na kando yake mimbari ambayo imamu hupanda kutoa hotuba.

Kibla nacho kina habari yake. Mtu wa Lahore akisali huelekea magharibi, maana Makka iko upande huo wa kwake. Walipofika Nairobi watu hao iliwabidi wageuke, kwa kuwa kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini halisi, ikielekea kidogo tu mashariki. Kwa hiyo msikiti ambao kwa sura ni wa Punjab, kwa uelekeo ni sawasawa na ile ya Lamu, ya Mombasa na ya Unguja, ambayo yote huelekea kaskazini. Kuba zilitoka ng'ambo ya bahari; kibla kilikuwa cha nchi hii.

Yafaa pia kukumbuka mji ulivyokuwa wakati kuba hizo zilipopandishwa. Nairobi iligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na mitaa yao, Wahindi yao, na Waafrika walipelekwa Pumwani kuanzia miaka ya 1920. Vijiji vyao vya kwanza, ambavyo wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, vikabomolewa kimoja kimoja, mpaka Pangani ilipomalizika mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake. Maktaba ile ya jirani ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa miaka mingi, na Mwafrika ajuaye kusoma aliweza kuzitazama nguzo zake tu. Msikiti nao ulijengwa na jamii moja kwa fedha ya jamii hiyo, wala haitasemwa kwamba watu waliacha ubaguzi wao mlangoni pamoja na viatu. Lakini sheria ya safu ni moja: atanguliaye kufika husimama mbele, awe tajiri wa duka au mchukuzi wa sokoni, na hakuna kiti cha mkubwa. Katikati ya mji ule, mahali pa namna hiyo palikuwa pachache sana.

Hata jina la barabara ya upande mmoja lina maana kwa watu wa Machakos. Muindi Mbingu ndiye aliyewaongoza Wakamba katika mwaka wa 1938, serikali ilipowanyang'anya ng'ombe wao kwa kusema kwamba ni wengi mno kwa ardhi yao. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa majuma kadhaa Kariokor. Ng'ombe waliobaki walirudishwa, lakini Muindi mwenyewe alikamatwa akahamishiwa Lamu, kwenye ile misikiti mingine, ya matumbawe na boriti.

Nairobi ilipewa cheo cha jiji katika mwaka wa 1950, na watu wake wamezidi mno tangu hapo. Msikiti umeongezwa majengo; una maktaba na mahali pa mafunzo, na kamati yake hutoa gazeti dogo la kila Ijumaa. Wasalio humo leo ni Wasomali, Waswahili, Wanubi, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya na wale wa asili ya Bara Hindi, na siku ya Ijumaa adhuhuri ukumbi hujaa mpaka nje. Asiye Mwislamu atakaye kuutazama na achague saa isiyo ya sala, avae nguo za heshima, aombe ruhusa mlangoni na kuvua viatu.