Je, Mtoto wa Mvuvi Aombe Harvard?

Vijana wetu wa Kilwa Kivinje wanaomaliza kidato cha sita hutuuliza swali hilo. Tunajibu: aombe. Harvard, Yale, Princeton na MIT humpima mwombaji, hata wa kigeni, bila kuangalia mfuko wa mzazi. Akichaguliwa, chuo hulipia kile ambacho familia haiwezi. Ada ya maombi nayo husamehewa kwa asiyeimudu. Ila vyuo vingi vya Marekani haviwafanyii wageni hivyo, Harvard huchukua chini ya 5 kati ya 100, na kupata nafasi si kupata viza. Kwa hiyo tuombe na vyuo vya nyumbani, tuandike kipato cha kweli, wala tusimlipe dalali anayeahidi nafasi. Nafasi haiuzwi.