“Kinga haiingie huku”

Kabla jua halijatoka, Katuba iko macho tayari. Mama wa mikate amewasha moto wake ku kona, mafuta yanalia mu sufuria, na sisi watu wa poste ya asubuhi tunaanza kutoka mu parseli, mmoja mmoja, kila mtu na kinga yake. Wengine wanapanda basi ya kompanyi. Kwetu sisi basi haifiki ku avenue, ao inafika ikiwa imejaa. Basi tunapiga pedali.

Kinga yangu niko nayo tangu miaka kumi na moja. Niliinunua ku soko ya Kenya: nyeusi, ya chuma nzito, aina ile ambayo wazee wetu wa makambi walijivunia. Nimeshabadilisha mipira, breki, kiti, na mnyororo mara tatu. Mama watoto anasema kitu cha zamani kilichobaki juu yake ni deni tu.

Wenzangu wananiuliza: “Weye mtu wa sendika, juu ya nini unaandika habari ya kinga? Mshahara imeshatosha?” Ninawajibu: kinga ni habari ya mshahara, ni habari ya usalama wa kazi, na ni habari ya heshima. Someni mpaka mwisho, mtanielewa.

Njia ya kila siku

Kutoka Katuba tunapita Kenya, tunaingia Kamalondo, tunavuka reli, ndipo tunaona mji. Ku ramani ni njia fupi. Mu miguu ya mtu wa kinga ni vita ndogo ya kila asubuhi.

Adui wa kwanza ni lori. Kila mtu wa Lubumbashi anazijua: zile zinazotoka Kolwezi na Likasi na shaba, zinaelekea Kasumbalesa, na zile zinazopanda kutoka mpaka na asidi, salfa na chokaa kwa ajili ya usine. Dereva eko juu, mbali, hakuoni. Upepo wa lori peke yake unaweza kukutupa mu mfereji. Adui wa pili ni manseba wa moto, maana yeye hana upande wake: anakupita kuume, anakupita kushoto, na akikugusa anakutukana yeye wa kwanza. Wa tatu ni shimo. Mwezi wa sita na wa saba ni vumbi na baridi. Unafika kazini na nyusi nyekundu kama mzee aliyepaka hina. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua inajaza maji kila mahali, na shimo uliyoijua jana leo hauioni tena.

Halafu kuna wale wanaotufundisha uvumilivu: watu wa makala. Wanatoka mu pori, kilometa makumi, gunia tatu ao nne juu ya kinga moja, wanaisukuma kwa mkono tangu usiku. Mji mzima unapika bukari juu ya jasho lao, lakini ku njia panda ni wao wanaosimamishwa wa kwanza kuombwa “kitu kidogo”. Siku moja nilimsaidia mzee mmoja kusukuma ku mlima. Alifika juu, akapumua, akaniambia: “Mwanangu, aksanti. Weye unapandaka juu ya kinga. Mimi, ni kinga inanipandaka.”

Ajali, na maneno ya mama wa mikate

Sasa niingie mu jambo lenyewe.

Tulikuwa wawili tuliozoea kutoka pamoja asubuhi, mimi na mwenzetu mmoja wa atelye ya umeme. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kinga haikuumbwa kwa kazi tu. Siku ya mungu mimi nililala. Yeye alipanda kinga yake akaenda kutazama teatri, picha za wasanii, kwaya, yote yaliyokuwa bure ao bei ndogo. Kwanza nilimcheka. Mwisho nilimfuata.

Asubuhi moja nilichelewa, naye akatangulia peke yake. Lori ikamgonga mbele ya reli, bado giza. Mguu ulivunjika pahali pawili. Dereva hakusimama.

Familia ililipa hospitali kwa feza ya kuazima, juma moja, juma mbili. Tulipoenda ku ofisi ya kompanyi, walituambia: “Hakuwa kazini. Alikuwa mu njia. Ni mambo yake.” Tukarudi mara ya pili na sheria mu mkono. Ndipo wakabadilisha maneno: “Usiku ule alikuwa ku teatri. Nani anajua alilala wapi? Nani anajua alitoka nyumbani?”

Wenzangu, hapa mtege masikio. Sheria ya 15 Julai 2016 juu ya sécurité sociale mu inchi yetu inasema wazi kwamba ajali inayompata mfanyakazi mu njia, kutoka nyumbani kwenda kazini ao kurudi, inahesabiwa sawa na ajali ya kazi. Ni ile inayoitwa accident de trajet. Kompanyi inapaswa kuitangaza ku CNSS, ile tuliyozoea kuiita INSS. Lakini sheria inaweka mpaka: safari isiwe imekatwa wala kugeuzwa kwa sababu zako mwenyewe zisizohusu kazi. Ukitoka kazini, ukapita kwanza ku pombe ao ku ngoma, ajali ikakukuta huko, utakuwa na shida kubwa ya kujitetea.

Kwa hiyo swali lao lilikuwa na meno. Nani ataonyesha kwamba mwenzetu alitoka kwake asubuhi ile, akafuata njia yake ya siku zote?

Aliyeonyesha ni mama wa mikate. Alikuja mwenyewe ku ofisi, na kitambaa chake cha kazi, akasema mbele ya wakubwa: “Huyu papa anapitaka kwangu kila siku, mbele ya jua. Siku ile alipita. Alikamata mikate ine, hakulipa, alisema nitalipa mangaribi. Deni yake iko mu kitabu yangu, tarehe iko.” Akafungua kitabu. Ofisi nzima ikanyamaza. Mikate ine ya deni ilifanya kazi ambayo barua tatu za sendika hazikufanya. Ajali ikatangazwa.

Nilijifunza pale mambo matatu, ninawaachia ninyi na familia zenu. La kwanza: ajali ikitokea mu njia, ijulishe kompanyi siku ile ile, hata kwa mtoto, hata kwa telefone, na mwambieni délégué wenu. La pili: tafuteni mashahidi palepale, kabla hawajatawanyika, chukueni majina, na hospitali itoe karatasi yenye tarehe na saa. La tatu: mshike njia moja inayojulikana. Ukitaka kutembea baada ya kazi, fika kwanza nyumbani, oga, halafu utoke tena kama raia.

Siku ya mungu

Mwenzetu sasa anatembea na fimbo. Kinga yake imetundikwa ku ukuta, magurudumu juu. Aliniomba kitu kimoja: “Weye uendelee kwenda, halafu unieleze.” Ndivyo nilivyokuwa macho yake.

Nilienda ku Musée ya Lubumbashi na binti yangu ameketi nyuma. Ilikuwa mwezi wa kumi, jakaranda zimemwaga maua, barabara rangi ya zambarau. Siku hiyo hata mashimo yalikuwa mazuri. Ndani tulisimama mbele ya misalaba midogo ya shaba, ile ambayo wazee wetu waliitumia kama feza na kwa kuoa. Binti akaniuliza: “Papa, wazungu ndio walileta mashini ya kuyeyusha shaba?” Nikamwambia hapana. Kabla ya Union Minière kuzaliwa mu 1906, watu wa hapa walichimba malakiti, wakaiyeyusha mu tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makala na mivukuto. Waliitwa wakula shaba. Alinyamaza, halafu akasema: “Kumbe kazi yako ni ya zamani sana.” Tangu miaka yote ninafanya kazi hii, hakuna mtu aliyeniambia neno la kunipa nguvu kama lile.

Siku nyingine ilikuwa picha za Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mu 1978. Mu kazi yake ya 2006 inayoitwa Mémoire alikata picha za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni, akawabandika mbele ya usine za Gécamines zilizobaki magofu. Wazee wale wanakutazama, shingo na hesabu ku kifua, na nyuma yao ni chuma imekula kutu. Nilibaki mbele ya picha hizo mpaka walinzi walitaka kufunga. Baba yangu aliishi mu kambi. Nilimtafuta mu sura zile.

Na kuna Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa hapa hapa, aliyezaliwa mu 1947. Mu miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya inchi nzima, picha karibu mia moja, na mu picha hizo aliweka wafu wetu wa Union Minière. Vijana wengi mu migodi leo hawajui. Wakati wa vita vikubwa bei ya vitu ilipanda. Wafanyakazi wazungu waliomba nyongeza, wakapata. Weusi nao wakaomba, wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba 1941, mu uwanja wa mpira wa Élisabethville, askari waliwapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale, na makumi ya wengine. Ni mu 1946 tu ndipo wakoloni waliruhusu wafanyakazi weusi kuwa na sendika, nazo walizichunga karibu.

Picha zile za Tshibumba ziko wapi? Ziko Amsterdam, mu musée ya kule. Watu wanaolijua jiji lile wanasema kila mtu anapanda kinga, wakubwa kwa wadogo, na njia ya kinga iko peke yake. Mwenzetu nilipomweleza, alicheka mpaka akashika mguu. “Kwa hiyo,” akasema, “wafu wetu wanatazamwa na watu wa kinga. Lakini kinga ya kule.”

Ku mlango

Ninafika ku jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita kulikuwa na teatri mu nyumba moja ya utamaduni, katikati ya mji. Kiingilio bure. Mwenzetu alikuwa amesikia habari yake, akanihimiza. Nikavaa shati nyeupe, nikafunga suruali na mpira ili isiingie mu mnyororo, nikaenda. Ku mlango mlinzi akaweka mkono mbele:

“Papa, kinga haiingie huku.”

“Gari zinaingia.”

“Gari zinaingia, ndiyo. Kinga hapana. Ni vile banatuambiaka.”

“Niiache inje?”

“Inje bataiiba, papa. Mimi sisemi uiache.”

Nikatazama ndani. Kiwanja kilikuwa na nafasi ya gari thelathini; zilikuwa labda nane. Nikamwuliza tena, kwa heshima. Akasogea karibu, akateremsha sauti: “Mukubwa, usikasirike. Mimi pia niko na kinga. Ninaifichaka nyuma ya jiko, juu wageni basiione.”

Sikuwa na neno. Nilirudi Katuba mu giza. Mwenzetu alikuwa ameketi mbele ya nyumba, ananingoja na swali lake: “Basi, ilikuwa namna gani?” Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia ukweli. Hakukasirika, alitazama tu kinga yake ku ukuta, akasema: “Batu ba makambi ndio banakuwaka mu michezo yao yote. Lakini mu viti, hapana.”

Tunaomba nini

Haya si mambo ya kubomoa mji na kuujenga upya. Ku kompanyi zetu tunaomba taa ku mlango wa usine na ku njia panda ya karibu, nusu saa kabla ya poste na nusu saa baadaye. Paa ya kuwekea kinga, na mtu wa kuzilinda. Na kitambaa cha kung'aa kwa kila mfanyakazi anayekuja kwa kinga, hata aliye kwa soutraitant. Delege wanaweza kuyaandika mu cahier des revendications ya mwaka huu. Ku nyumba za utamaduni tunaomba chuma moja iliyopigwa mu sima, na mlinzi mwenye tikiti. Tutalipa franka mia tano. Tumezoea kulipa.

Na ninyi wenzangu, msingojee chuma ile ndipo mtoke. Pelekeni watoto. Siku ya mungu ijayo ninaenda tena ku mlango ule ule, na sitaenda peke yangu: mwenzetu ataketi nyuma, fimbo yake mu mkono. Nimeshapompa mipira. Tukikataliwa, tutaketi pale inje, tutasikiliza ku ukuta, na nitawaandikia tena.