Kutoka kwa Diwani Mbotela hadi kwa MCA

Mtaa wetu, Mbotela, umepewa jina la diwani. Tom Mbotela alikuwa mjumbe wa baraza la jiji la Nairobi na makamu wa rais wa chama cha KAU (Kenya African Union), akauawa Novemba 1952, hali ya hatari ikiwa ndiyo kwanza imetangazwa. Mwaka uliofuata akauawa diwani mwenzake, Ambrose Ofafa, ambaye jina lake liko Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Kwa hiyo sisi wa Eastlands tunalala na kuamka katika majina ya watu wa City Hall. Hata hivyo, waulize vijana pale steji bunge la kaunti lina kazi gani, utaambiwa: basari.

Siwalaumu. Nairobi haikuzoea bunge lake yenyewe. Katiba ya uhuru ya 1963 iligawa nchi katika majimbo saba, kila moja na bunge lake. La Pwani liliongozwa na Ronald Ngala. Nairobi haikuwa jimbo, nayo haikupewa bunge. Mabunge hayo yalianza kunyang'anywa mamlaka mwaka 1964, na muda si muda yakafutwa. Sisi tukabaki na madiwani, na madiwani walikuwa chini ya waziri. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la jiji na kuweka kamisheni, ikatawala hadi uchaguzi wa 1992. Miaka yote hiyo mpangaji wa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, hakuwa na diwani aliyemchagua wa kumpelekea neno.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, ukumbi wa City Hall si wa baraza tena, ni wa bunge linalotunga sheria. Wadi 85 za Nairobi, yetu ikiwa Makongeni, kila moja humpeleka mjumbe mmoja wa bunge la kaunti (MCA). Wapo pia wajumbe wa kuteuliwa, ili jinsia moja isipite theluthi mbili na ili walemavu na vijana wapate sauti. Spika huchaguliwa na wajumbe, lakini hachaguliwi kutoka miongoni mwao. Mswada ukipita hupelekwa kwa gavana, naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha na sababu zake.

Meno ya bunge hili tuliyaona Desemba 3, 2020, lilipopiga kura 88 kwa 2 kumwondoa Gavana Mike Sonko. Seneti iliidhinisha wiki mbili baadaye. Zamani waziri alilivunja baraza zima. Leo wawakilishi wa wadi wamemng'oa gavana.

Lakini kwangu mimi uzito uko kwenye bajeti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Tazama basi: sisi humngoja mheshimiwa uwanjani mwezi Agosti, tukamuuliza kuhusu taa, mitaro ya maji na soko, wakati fedha za mwaka huo zimeshagawanywa. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye kamati, mbele ya meza, watu wachache wakisikiliza. Na kamati hizo si za siri. Kifungu cha 196 cha katiba kinalitaka bunge lifanye kazi zake wazi na liwashirikishe wananchi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuliandikia ombi kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka ya kaunti.

Nyumba nyingi za hapa Mbotela ni za kaunti. Anayetutoza kodi ndiye anayesimamiwa na bunge hilo. Mama mboga wa kona, fundi wa baiskeli, mwalimu wa chekechea, wote wanaweza kuandika karatasi moja, wakusanye saini za majirani na waipeleke kwa karani wa bunge City Hall. Afadhali ifike mwezi Machi, kamati ikiwa bado haijafunga mahesabu.